Mume Bora wa Lukole

Shuleni tulifundishwa kwamba kejeli ni kusema kinyume cha unachomaanisha: mtu mchafu anaambiwa "leo umependeza!" Kwa mtihani inatosha. Lakini hebu ipeleke Ngara, kwenye kambi ya Lukole, uone kama itashika.

Warundi walianza kumiminika Kagera baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa, Oktoba 1993. Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakajaa Benaco (jina la kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi, wala si la Kihangaza). Desemba 1996 wakarudishwa kwao. Warundi wa Lukole wakabaki, wakiishi kwa mahindi na maharage yaliyoletwa na malori yaliyokatiza wilaya ya Biharamulo.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 mtafiti wa Denmark, Simon Turner, alifanya kazi Lukole, akakutana na msemo mmoja: eti wanawake wanasema UNHCR ni mume bora kuliko waume zao.

Sasa kinyume kiko wapi hapo? Turubai la kuezekea lilitoka kwa shirika, chakula kilitoka kwa shirika, na mume hakuwa na shamba. Ni ukweli mtupu, na bado ni kijembe! Ukitaniwa kwa uongo unaweza kucheka, ukajibu. Huyu angejibu nini? Tena kwa Kirundi umugabo ni mume, na ni mwanaume vilevile. Ukinyang'anywa la kwanza, la pili nalo linayumba. Mhangaza wa Ngara, ambaye lugha yake na Kirundi zinasikilizana, hahitaji mkalimani hapo.

Wakimbizi, hasa wanaume, waliutaja msemo huo kama ushahidi kwamba maadili yanaporomoka. Yaani kijembe kikageuka kesi.

Mimi nausoma na upande wa pili. Mume gani huyu anayekujua kwa kadi ya mgawo, anayekupimia mahindi, na akishakubaliana na serikali tu, unafungasha? Wanyarwanda walikuwa wameshayaona hayo mwaka 1996. Nahisi mwanamke wa foleni ya mgawo aliwasema wote wawili, wa nyumbani na wa ofisini. Wanaume wakasikia nusu yao, wakaenda nayo kwa mtafiti.