Marehemu Waliolipwa Mshahara Rajasthan

Mwaka jana tulipata kibarua cha kusafisha mitaro hapa mtaani, wiki sita. Siku moja niko kwa laini nasubiri kusaini, jicho likaanguka kwa jina la jirani yetu fulani kwenye rejista. Huyo jamaa alihamia Mombasa miaka miwili iliyopita! Na sahihi yake iko hapo, safi kabisa, Jumatatu hadi Jumamosi. Hajakosa kazi hata siku moja. Nikamuuliza aliyeshika daftari. Akafunika ukurasa na kiganja, akaniuliza, "Wewe umelipwa ama hujalipwa?" Nikasema nimelipwa. "Basi songa."

Nikasonga. Nilikuwa nahitaji hiyo doo, sitawadanganya. Lakini ile picha ya kiganja juu ya karatasi haikunitoka kichwani, na ndiyo imenifanya nisome historia ya watu wa mbali sana, wakulima na vibarua wa jimbo la Rajasthan huko India, ambao waliwahi kukutana na kiganja kama hicho.

Rajasthan ni kukavu. Fikiria Turkana au Mandera, halafu weka watu wengi zaidi. Mvua ikikosa, serikali ya India ilikuwa na jibu la miaka mingi: wape watu kazi za umma, wachimbe mabwawa, watengeneze barabara, walipwe kwa siku. Kwa makaratasi ni mpango mzuri. Shida ni kwamba jioni ya malipo kibarua alipewa pesa pungufu na kuambiwa hakumaliza kazi iliyopimwa. Mahakama Kuu ya juu kabisa ya India ilishaamua mwaka 1983, katika kesi iliyotoka Rajasthan kwenyewe, kwamba hata kibarua wa kazi za ukame lazima alipwe kima cha chini cha mshahara. Kwa hivyo sheria ilikuwepo, na uamuzi wa mahakama ulikuwepo. Bajeti pia ilitoka. Bado mama wa kijijini anarudi nyumbani na nusu ya haki yake.

Hapa ndipo anaingia Aruna Roy. Alikuwa afisa wa serikali, kazi ile ambayo wazazi wa India wanaombea watoto wao usiku na mchana, akaiacha mwaka 1975. Mwaka 1987 yeye, Nikhil Dey na Shankar Singh wakahamia kijiji kidogo kinaitwa Devdungri, wakaishi nyumba ya udongo kama majirani. Mei 1, 1990 wakaanzisha na wanakijiji chama cha vibarua na wakulima, Mazdoor Kisan Shakti Sangathan, watu wanakiita MKSS. Walianza kwa kudai mshahara kamili, hata kwa kufunga kula. Kila wakidai, afisa anawajibu kwamba rejista inaonyesha hawakufanya kazi. Haya, tuonyeshe rejista. Hapana, hiyo ni siri ya serikali.

Siri! Waingereza walikuwa wamewaachia Wahindi sheria ya siri za serikali ya mwaka 1923, na ile tabia ikabaki ofisini hata baada ya bendera kubadilishwa. Daftari la nani alichimba mtaro gani likalindwa kama ramani ya kambi ya jeshi.

Desemba 1994, katika kijiji cha Kot Kirana, wakafanya kitu rahisi mpaka unashangaa kwa nini hakikufanywa mapema. Walikuwa wamepata nakala za rekodi kupitia njia zisizo rasmi. Wakaita baraza, kwa Kihindi jan sunwai, wakakaa nje na kipaza sauti, wakaanza kusoma. Jina kwa jina. Fulani, siku kadhaa, rupia kadhaa. Na huyo fulani ameketi hapo hapo, anasimama anasema mimi sijawahi kufanya hiyo kazi. Katika mabaraza hayo yakasomwa majina ya watu waliohama zamani. Yakasomwa majina ya marehemu, na wajane wao wako kwenye umati wanasikia waume zao walivyochapa kazi baada ya kuzikwa. Zikasomwa risiti za majengo yaliyokamilika kwa karatasi, na kila mtu pale anajua yako katika hali gani.

Ninachopenda ni kwamba hakuna aliyehitaji kusoma uchumi. Wengi hawakujua hata kuandika. Ila kijiji kinajua nani alizikwa lini, hiyo hakuna mkaguzi wa mji mkuu anaweza kuwashinda.

Aprili 1995 waziri mkuu wa jimbo akaahidi bungeni kwamba wananchi watapewa nakala za rekodi wakilipia. Mwaka mzima ukapita. Aprili 1996 watu wakaenda mji wa Beawar, wakakaa chini katikati ya mji kwa siku 40. Serikali ikatoa agizo la ajabu: mnaruhusiwa kuangalia na kunakili kwa mkono, fotokopi hapana. Yaani mtu asiyejua kuandika aende akanakili daftari zima. Wakakataa. Wenye vibanda wakawa wanawaletea mboga, vijiji vinatuma nafaka. Mwaka 1997 wakakaa tena, Jaipur, siku 53. Mwishoni wakaambiwa kwamba haki ya kupata fotokopi ilikuwa imeshachapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali miezi sita iliyopita. Hakuna aliyekuwa ameambiwa. Hata tangazo la kumaliza siri lilikuwa siri. Mimi hapo ningelia.

Kuna mama wa MKSS anaitwa Sushila, aliyesoma hadi darasa la nne. Waandishi wa habari wa Delhi walimuuliza mtu kama yeye anataka habari za serikali za nini. Akawaeleza kwamba akimtuma mwanawe sokoni na rupia 10, akirudi anamuuliza hesabu. Serikali inatumia mabilioni kwa jina lake, kwa nini asiulize? Kilio chao kikawa hicho: pesa zetu, hesabu yetu.

Rajasthan ikapata sheria yake mwaka 2000. Mwaka 2005 bunge la India likapitisha sheria mbili. Moja ilimpa kila raia haki ya kuomba habari kwa rupia 10 na kujibiwa ndani ya siku 30. Afisa akichelewesha bila sababu, faini ni rupia 250 kwa siku, kutoka mfukoni mwake. Na ikigongana na ile ya 1923, hii mpya ndiyo inasimama. Ya pili iliipa kila familia ya kijijini haki ya siku 100 za kazi kwa mwaka, na ndani yake wakaandika kwamba kijiji chenyewe kikague hesabu. Lile baraza la Kot Kirana likaingia kwenye sheria ya nchi.

Msidhani wezi walistaafu. Januari 2010 Satish Shetty, aliyefichua dili za ardhi karibu na Pune, aliuawa. Julai mwaka huo Amit Jethwa, aliyekuwa akitumia sheria hii kufuatilia machimbo haramu karibu na msitu wa Gir, alipigwa risasi karibu na mahakama ya Ahmedabad. Na mwaka 2023 bunge lilipitisha sheria ya data binafsi ambayo imebana habari zinazohusu watu kwa majina. Sasa jiulize, rejista ya vibarua bila majina ni nini? Ni hesabu tu, na marehemu anaweza kulala humo kwa amani.

Sisi hapa Kenya tunayo hii haki, kwa wale hawajui. Kifungu cha 35 cha Katiba, halafu sheria ya mwaka 2016. Ofisi ya umma ina siku 21 kukujibu, na haina ruhusa ya kudai sababu yako. Nilikuwa sijui. Niliposongeshwa kwa ile laini nilifikiri ile karatasi ni ya mwenye kiganja.

Kwa hivyo niliandika barua, ukurasa mmoja, naomba rejista ya zile wiki sita na orodha ya malipo. Msichana wa mapokezi aliisoma mara mbili, akaniuliza nimetumwa na nani. Nikamwambia hakuna. Akaniangalia kidogo, akapiga muhuri kwa nakala yangu. Leo ni siku ya 9.