Mlingoti wa Bukoba na Dirisha Jeusi

Mwishoni mwa likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Kamachumu, wilayani Muleba, nikiandika kwenye kompyuta ambayo watoto wa ukoo huiita "mzee". Umeme ulikuwa umekatika tangu adhuhuri, betri imebakiza robo, na mtandao wa simu ukija na kuondoka. Katika dirisha jeusi lenye herufi nyeupe nilikuwa nikizungumza na mwenzangu aliyeko Bukoba mjini. Mtoto wa kaka yangu, mwanafunzi wa mwaka wa pili, alisimama nyuma yangu kwa muda, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Baba mdogo, unadukua nini?"

Swali hilo ndilo lililozaa makala haya. Kwa kijana yule, skrini nyeusi ni kitu cha filamu na huwa mikononi mwa wahalifu. Na mtu anayeficha maneno yake lazima awe na jambo baya. Ninalisikia wazo hilo darasani, ninalisikia ofisini, na mara nyingine hutoka vinywani mwa wasomi wenzangu.

Programu niliyokuwa nikiitumia huitwa Profanity, jina lenye maana ya matusi, na hilo ndilo kosa lake kubwa. Haina picha wala vitufe vya kubonyeza. Amri huandikwa kwa kuanza na alama ya mkwaju, na ujumbe husafiri kwa itifaki ya XMPP, iliyoanza mwaka 1999 kwa jina la Jabber. Usimbaji fiche wa OMEMO, uliobuniwa mwaka 2015, huufunga ujumbe ndani ya kompyuta yangu na kuufungua ndani ya kompyuta ya mwenzangu. Seva iliyo katikati hubeba furushi isiyoweza kulisoma. Kwa kuwa yanayosafiri ni maandishi matupu, data inayotumika ni kidogo mno, na kompyuta kuukuu haihemi.

Kijana hakuridhika. Nikamrudisha mwaka 1915.

Wajerumani walikuwa na kituo cha simu ya upepo mjini Bukoba, kingine Mwanza, na kingine Dar es Salaam. Mnara wa Dar es Salaam uliangushwa mapema, Agosti 1914, vita ilipoanza. Huku ziwani vituo viliendelea kufanya kazi. Juni 1915 Waingereza walipakia askari kwenye meli huko Kisumu, chini ya Brigedia Jenerali Stewart: kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, Loyal North Lancashire, King's African Rifles na askari kutoka India. Walishuka kaskazini ya mji tarehe 22, wakapigana siku mbili, na tarehe 23 wakaingia Bukoba. Waliuangusha mlingoti, wakaichoma boma, wakarudi melini. Mji haukuwa shabaha ya kutwaliwa. Mamia ya watu walivushwa ziwa zima kwa ajili ya mlingoti mmoja.

Wazungu wanaoandika habari za siku hizo hupenda kumtaja Frederick Selous, mwindaji mashuhuri, aliyepigana pale akiwa na umri wa miaka 63. Mimi hukumbuka zaidi kilichofuata. Kamanda wa kikosi chake, Driscoll, aliomba ruhusa ya kupora, akaruhusiwa, na maduka na nyumba za watu zikavunjwa. Wenyeji wa Bukoba hawakuwa wametuma wala kupokea hata neno moja kwa mtambo ule, lakini gharama yake waliilipa wao.

Simu ya upepo haina kuta; mwenye mtambo wa kupokelea husikia. Kwa hiyo majeshi huandika kwa mafumbo, na adui hubaki na njia tatu: kufumbua fumbo, kuangusha mlingoti, au kwenda kulikoanzia maneno na kuyaokota kabla hayajafumbwa. Katika kikosi kilichoshambulia Bukoba alikuwemo ofisa wa ujasusi, Richard Meinertzhagen, na njia hii ya tatu ndiyo iliyompa sifa. Katika kumbukumbu zake anaeleza jinsi wapelelezi wake walivyokuwa wakikusanya karatasi ambazo maofisa wa Kijerumani walizitumia chooni: barua, maagizo, vipande vya daftari. Wanahistoria wamekwisha kuonyesha kwamba mtu huyu alikuwa mwongo wa kupindukia katika mambo mengi, hivyo nisingemwamini kwa kila neno. Hata hivyo mantiki ya njia yenyewe ni kamili. Kwa nini ujisumbue na fumbo ikiwa mwenye siri ameitupa mwenyewe?

Nilipofika hapo kijana alinikatiza: hao walikuwa wanajeshi, wewe una vita gani?

Swali zuri, na jibu lake liko karibu kabisa na nyumba yetu. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini walipatikana hapa mkoani Kagera, katika Hospitali ya Ndolage. Wakati huo ugonjwa haukuwa na jina la Kiswahili. Watu waliuita Juliana, jina la nguo za fasheni zilizokuja na biashara ya magendo kutoka Uganda. Jina likawa hukumu. Aliyesemwa ana Juliana alisemwa pia kwamba ni mlanguzi, au mwanamke wa walanguzi, na mjane akaangaliwa kwa jicho hilo hata kama hajawahi kuvuka Mto Kagera. Mimi nilikulia katika vijiji hivyo. Najua nyumba ambazo neno moja lililovuja kutoka kwa mganga au kwa jirani liliwanyima watoto wachezaji wenzao. Mwaka 2008 Bunge lilipotunga Sheria ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI, likafanya usiri wa majibu ya mgonjwa kuwa wajibu wa kisheria, nyumba nyingi za Muleba na Bukoba zilikwisha kujifunza somo hilo kwa machozi. Hakuna aliyethubutu kusema kwamba mgonjwa anayetaka majibu yake yasitangazwe ana jambo baya.

Katiba yetu nayo haisemi hivyo. Ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu, familia yake na mawasiliano yake ya binafsi. Ibara ya 18 inampa uhuru wa kutoingiliwa katika mawasiliano hayo. Watumishi wa umma wanaonisoma wanazijua ibara hizi kuliko mimi. Wanajua pia kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ilitumika Desemba 2016 kumfikisha mahakamani Maxence Melo wa JamiiForums, baada ya kukataa kuwapa polisi taarifa za waandishi wake. Na tangu usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ukamilike mwanzoni mwa 2020, namba ya simu ni sawa na kitambulisho chenye picha. WhatsApp na Signal hudai namba hiyo. Akaunti ya XMPP yaweza kufunguliwa bila namba yoyote.

Nisieleweke kwamba nauza dawa ya kila maradhi. Ninapounganisha kompyuta kupitia laini yangu, kampuni ya simu huona kwamba nimeunganishwa na seva fulani. Seva nayo huona nani amemwandikia nani, na saa ngapi, ingawa haioni alichoandika. Tena mlingoti bado ni mlingoti. Intaneti ilipozimwa nchini siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, dirisha langu jeusi lilikuwa na thamani ya jiwe.

Kinachoniridhisha zaidi ni jambo la kizamani. OMEMO humtaka mtumiaji ahakiki kwamba ufunguo anaouona ni wa mwenzake kweli, wala si wa mtu aliyejipachika katikati. Alama ya ufunguo huo ni herufi na tarakimu 64. Mwenzangu nami tulikutana Bukoba, tukaketi, tukasomeana zote kwa sauti, mmoja akisoma na mwingine akifuata kwa kidole. Wazee wetu wa Kihaya walipofunga omukago, udugu wa damu, walikaa hivyohivyo ana kwa ana, kila mmoja akameza buni iliyopakwa damu ya mwenziwe. Baada ya hapo ndugu wa omukago aliaminiwa hata akiwa mbali.

Lakini uaminifu huo una ncha mbili, na ncha yangu niliwahi kuivunja. Miaka michache iliyopita aliyekuwa mwanafunzi wangu, mtumishi wa umma katika wilaya nisiyoitaja, alinieleza kuhusu pembejeo za wakulima zilizoandikwa kwamba zimegawiwa ilhali hazikugawiwa. Tulitumia njia hii. Alama zilihakikiwa, mazungumzo hayakuhifadhiwa kwenye diski, kila kitu sawasawa. Kisha nikiandaa semina, nilinakili sentensi zake tatu kwenye daftari, kwa maneno yake mwenyewe, na jina la kata. Daftari nililisahau mezani ukumbini. Nililipata siku ya pili, limefungwa vizuri, kwenye meza ambayo sikuliacha.

Wiki ya tatu alihamishiwa kituo cha mbali, mkewe akiwa mjamzito. Barua haikutaja sababu. Nilipomweleza habari za daftari alinyamaza muda mrefu, kisha akaandika: "Mwalimu, usijali." Bado tunaandikiana. Mambo ya kazini hanielezi tena.

Kijana alisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nimfungulie akaunti. Kabla ya amri ya kwanza nilimwomba simu yake. Aliitoa mfukoni akanikabidhi. Nikaigusa kioo, ikafunguka.