Uharakishaji wa Vibali vya Madini Mkakati

Kibali si leseni. Leseni humpa mwekezaji haki ya kuchimba eneo fulani. Kibali humruhusu kufanya jambo mahususi hapo, kama kuchota maji ya mto, kufyeka msitu au kurundika mabaki ya machimbo. Mgodi mmoja wenye leseni huweza kusubiri vibali vingi kutoka ofisi mbalimbali. Madini mkakati, nayo, ni yale ambayo uchumi au ulinzi wa nchi unayategemea, na ambayo upatikanaji wake ni rahisi kukatika. Orodha ya Marekani ya mwaka 2022 ilitaja 50, antimoni ikiwemo. Desemba 2024, China ilipiga marufuku kuiuzia Marekani antimoni, inayotumika kutengeneza risasi za bunduki.

Antimoni ipo Stibnite, jimboni Idaho. Mpango wa kuichimba pamoja na dhahabu uliwasilishwa serikalini mwaka 2016. Huduma ya Misitu ya Marekani ikatoa uamuzi wake Januari 2025. Katika miaka hiyo yapo maswali yaliyostahili muda. Shimo la machimbo ya zamani limewazuia samaki wa samoni kupanda mto tangu miaka ya 1930, na watu wa kabila la Nez Perce wana haki ya kuvua huko kwa mkataba. Lakini faili linalokaa mezani likisubiri ofisi nyingine ijibu halimlindi samaki yeyote.

Muda huo wa pili, wa kungoja tu, ndio unaolengwa na sheria ya FAST-41 ya mwaka 2015: ofisi moja huratibu nyingine, na ratiba ya kila kibali huwekwa hadharani. Sekta ya madini iliingizwa katika utaratibu huo mwaka 2021. Mradi wa Hermosa, Arizona, ukawa mgodi wa kwanza kuingia humo mwaka 2023. Sheria za mazingira hazikufutwa. Mwaka huohuo wa 2023, sheria nyingine iliwekea tathmini kamili ya athari kwa mazingira ukomo wa miaka 2.

Kwa hiyo napendekeza tutenganishe istilahi mbili. Uharakishaji ufupishe kungoja. Ulegezaji ndio unaopunguza masharti. Serikali yoyote ikitangaza la kwanza huku ikitenda la pili, mwananchi anayekaa karibu na mgodi ananyimwa hata neno la kulalamikia.