Mioto Mitatu ya Safari: Uhunzi katika Misafara ya Tanga

Misafara ya biashara iliyotoka Mrima kwenda bara katika karne ya 19 imeandikiwa mengi. Yanajulikana majina ya matajiri walioigharimia, ya viongozi walioitangulia, na ya Wazungu walioifuata na kutunga vitabu. Inajulikana pia thamani ya pembe na desturi ya hongo. Walakini swali moja aghalabu hupitwa upesi: watu mia kadhaa, wakikaa njiani miezi sita, mwaka au zaidi, waliwezaje kudumisha vyombo vyao? Bunduki huharibika, shoka hupoteza makali, mpini huvunjika, risasi huisha, na bidhaa iliyofungwa pwani hufika katika nchi ambayo watu wake hawaitaki kwa umbo lile.

Jibu la swali hili hubadili sura ya historia yenyewe. Ni desturi kumweleza mtu wa pwani kuwa mchuuzi tu, aliyepokea kitu huku na kukiuza kule, na kumweleza mtu wa bara kuwa mwenye pembe aliyengoja kuletewa vitu. Ukiangalia kazi za mikono zilizofanyika njiani, picha hiyo haisimami. Msafara ulikuwa pia kiwanda, tena kiwanda ambacho hakikuweza kujitosheleza. Kila hatua ulihitaji ujuzi wa watu ambao majina yao hayakuandikwa.

Mji wa Tanga, ambao leo Mabawa ni mojawapo ya kata zake, ulikuwa pamoja na Pangani mlango wa njia za kwenda Usambara, Upare, Uchaga na Umasai. Richard Burton, aliyepita pwani hiyo mwaka 1857, alitaja misafara iliyotoka Tanga kwenda Uchaga na Umasai. Mwaka 1882 Padre J. P. Farler wa misheni ya Magila alichapisha maelezo ya njia zilizotoka Pangani mpaka Umasai na Ziwa Nyanza. Mizigo iliyopita katika njia hizo ilikuwa hasa nguo, ushanga na seng'enge. Katika vitu hivyo vitatu hakuna kimoja kilichokuwa kimekamilika. Nguo ilitaka kukatwa na kushonwa, ushanga kutungwa, na seng'enge kupindwa au kufuliwa. Kazi ilikuwa ingali mbele.

Chuma chenyewe hakikuwa kitu kigeni katika pwani hii. Kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya 1, kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea, chataja mikuki, mashoka, majambia na misumari ya kutobolea iliyoletwa Rhapta kutoka bandari ya Muza katika Bara Arabu. Wataalamu hawajakubaliana mahali pa Rhapta. Wako walioiweka karibu na mto Pangani, na wako walioiweka kusini zaidi. Baada ya karne kumi na zaidi, al-Idrisi, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1154, aliandika kwamba watu wa Malindi na Mombasa walichimba chuma, na kwamba kwa Malindi kilikuwa chanzo cha faida kubwa kuliko zote. Basi kati ya tarehe hizo mbili pwani iliyokuwa ikiletewa chuma ilipata kuwa nchi ya kuuza chuma. Mabadiliko kama hayo hayafanywi na wachuuzi peke yao.

Ili kuelewa kilichowezekana safarini na kisichowezekana, yafaa kutofautisha mioto mitatu. Kila moto una joto lake, vyombo vyake na watu wake.

Wa kwanza ni moto wa kambi. Madini ya risasi huyeyuka katika joto la digrii 327 za Selsiasi, na joto hilo lapatikana katika moto wa kawaida wa kuni. Mwenye bunduki aliweza kuchukua risasi kwa vipande, chungu kidogo cha kuyeyushia na kalibu ya kusubia, na jioni akajitengenezea riziki ya bunduki yake. Kiswahili kimehifadhi habari hiyo: neno risasi ni jina la madini, na ni jina la kitu kitokacho mdomoni mwa bunduki, kwa kuwa kati ya viwili hivyo palikuwa na kalibu tu na mkono wa mtu. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima, maana bunduki za gumegume na za fataki zilizouzwa pwani hazikuwa na kipimo kimoja cha mtutu, na risasi ya moja haikufaa nyingine.

Katika moto huo huo wa kambi zilifanyika kazi nyingine zisizohitaji chuma kuyeyuka: kuchonga mipini, kusokota kamba, kushona viatu vya ngozi na kutunga ushanga. Mfano ulio wazi ni ule wa Joseph Thomson, aliyesafiri Umasai mwaka 1883 na 1884. Alipokuwa Taveta ilimlazimu kuwaweka watu wake kutunga ushanga wote upya katika urefu uliokubaliwa na Wamasai, na kushona nguo za naibere, ambazo ni kitambaa cheupe kilichotiwa ukanda wa rangi katikati. Bila ya kazi hiyo mizigo ile ingekuwa mali kwa hesabu ya pwani tu. Thomson alijifunza hayo kwa watu walioijua njia. Katika safari yake ya pili aliungana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pembe wa Pangani, ambaye baadaye, mwaka 1887, aliongozana pia na Teleki na von Höhnel. Desturi ya kusimama Taveta na kuigeuza mizigo ilikuwa elimu ya misafara ya Kiswahili kabla haijaandikwa katika kitabu cha Kiingereza.

Moto wa pili ni ule wa mivukuto. Hapa chuma hakiyeyuki, bali hulainika hata kikapigika. Mhunzi alihitaji makaa, viriba viwili vya ngozi ya mbuzi vya kupulizia, bomba la udongo la kuelekeza upepo, koleo, nyundo na fuawe, na fuawe yaweza kuwa jiwe gumu. Vyombo hivyo vyabebeka, na kwa hiyo kufua chuma kuliwezekana pale msafara ulipopumzika siku kadhaa. Lakini kubebeka kwa vyombo si kubebeka kwa ujuzi. Kunoa shoka ni kazi ya kila mtu. Kutengeneza kamani ya mtambo wa bunduki ni kazi ya fundi. Kamani hutaka kupashwa moto, kuzimwa ghafula, kisha kupashwa tena kwa kiasi. Ikizidi ugumu hukatika, ikizidi ulaini haipigi. Fundi huyo alipokosekana, bunduki iligeuka kuwa gongo la bei kubwa.

Kwa sababu hiyo msafara ulielekea mara kwa mara kwenye moto wa wenyeji. Katika Umasai seng'enge iliyochukuliwa mabegani mwa wapagazi kutoka Tanga au Pangani iligeuzwa mapambo ya mikono, miguu na shingo, na chuma kilichopatikana kilifuliwa mikuki na sime na wahunzi waitwao ilkunono. Watu hao walidharauliwa na wenzao, hawakuoana nao. A. C. Hollis aliandika mwaka 1905 kwamba Mmasai aliyepokea silaha iliyoshikwa na mhunzi alijipaka mafuta mkononi kwanza. Haya ni mambo ya kutafakari. Shujaa aliogopa mkono uliompa mkuki, na bila ya mkono huo hakuwa shujaa. Msafiri wa pwani naye, aliyeogopa mkuki ule, ndiye aliyeleta sehemu ya malighafi.

Moto wa tatu ni ule wa tanuri, na huo haukusafiri kabisa. Katika milima ya Upare na Usambara mtapo ulipatikana kama mchanga mweusi wa vijito, ukakusanywa na kuoshwa hata mchanga mwepesi ukaondoka. Mtapo huo ulichomwa pamoja na makaa huku mivukuto ikipulizwa bila kukoma. Chuma safi huyeyuka katika digrii 1,538, na tanuri za aina hiyo hazikufika hapo. Lakini karibu na digrii 1,200 mavi ya chuma huyeyuka na kutiririka, na kinachobaki ni bonge la chuma chenye matundu, la kupigwa nyundo tena na tena hata uchafu utoke. Kazi hiyo yataka miti mingi ya makaa, mtapo, watu wa kupokezana, na miiko inayowafunga wote. Msafara unaopiga kambi leo na kuondoka kesho hauwezi kuyapata hayo. Uliyanunua yakiwa yamekwisha kuwa jembe, shoka au mkuki.

Ndiyo sababu wenye tanuri walikuwa na nguvu kuliko inavyodhaniwa. Ukoo wa Washana wa Ugweno, katika Upare ya Kaskazini, ulikuwa ukoo wa wahunzi, tena ukoo wa watawala. Profesa Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha historia ya siasa ya Wapare kilichochapishwa mwaka 1969, ameeleza kutokana na masimulizi ya wazee jinsi Wasuya walivyowapindua Washana na kushika utawala. Washana waliondolewa katika kiti, lakini hawakuweza kuondolewa katika fuawe. Wachaga wa Kilimanjaro waliendelea kutegemea chuma cha Upare, na laana ya mhunzi iliendelea kuogopwa. Kiswahili cha zamani nacho kilikuwa na neno msana kwa maana ya mfua chuma, kutokana na kitenzi kusana. Undugu wa neno hilo na jina la Mshana ni ushahidi kwamba pwani na milima ilizungumza juu ya kazi hii kwa lugha za asili moja, kabla ya wageni kuja na tafsiri zao.

Jembe lilikuwa pia fedha. Wapagazi wa Kinyamwezi walichukua majembe yaliyofuliwa magharibi na kuyabadilisha Ugogo kwa mifugo na chakula. Sarafu hiyo ilikuwa na sifa moja ambayo sarafu za benki hazina: mwenye nayo aliweza kulima.

Hata hivyo, haifai kumsifu mhunzi kwa upande mmoja. Nyundo iliyofua jembe ilifua pia mnyororo. Misafara iliyorudi pwani haikuleta pembe peke yake, na shingo za watumwa zilifungwa kwa chuma kama zilivyofungwa kwa makongwa ya mti. Mkataba wa mwaka 1873 ulipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari, na tangazo la Sayyid Barghash la mwaka 1876 likakataza misafara ya watumwa katika nchi kavu. Biashara hiyo haikukoma siku hiyo, na Pangani ilikuwa miongoni mwa bandari ambako iliendelea kwa siri. Historia ya uhunzi ikiacha jambo hili itakuwa sifa tu, si historia.

Kilichouzima moto wa tatu si upungufu wa akili ya wenye tanuri. Kwanza ilikuja seng'enge yenyewe: mhunzi aliyeletewa chuma kilicho tayari hakuona haja ya kukata miti na kuosha mchanga. Kisha yakaja majembe ya Ulaya kwa bei ndogo. Mapatano ya Brussels ya mwaka 1890 yakazuia biashara ya silaha na baruti, na fundi wa bunduki akapungukiwa na kazi. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911, na mizigo iliyochukuliwa na wapagazi kwa majuma ikafika kwa siku. Ufundi wenyewe ulihamia mahali pengine. Skuli ya serikali ya Kijerumani iliyofunguliwa Tanga mwaka 1892 ilikuja kuwafundisha vijana kazi za mikono, na gazeti la Kiongozi lilichapishwa hapo hapo. Karakana za reli nazo zilitaka mafundi wa chuma. Mfuaji aliyekuwa bwana wa mtapo, makaa na siri zake akawa mtu wa mshahara, akitengeneza mashine zilizobuniwa mbali.

Moto wa pili haukuzimika. Mhunzi wa leo huchukua bamba la chuma chakavu, aghalabu la springi ya gari, akalipasha na kulipiga likawa panga au jembe. Katika mitaa ya Tanga, Mabawa ikiwamo, jina la Mshana si geni masikioni, na wengi walichukuao hawajapata kushika koleo. Jina limebaki baada ya kazi, kama neno risasi lilivyobaki baada ya kalibu. Mwanafunzi anayetaka kuandika historia ya misafara anao hapo ushahidi ambao haumo katika vitabu vya mahesabu vya matajiri: majina ya koo, majina ya vyombo, na mavi ya chuma yaliyolala juu ya miteremko ya Upare. Wazee wanaojua majina ya sehemu za mivukuto wanazidi kupungua, na kazi ya kuyakusanya haiwezi kungoja kizazi kingine.