Vidonda vya kitandani: hatari inayomnyemelea aliyepooza mikono na miguu

USENGE, mji wa wavuvi katika Kaunti ya Siaya, uko mbali na hospitali kubwa. Anayemuuguza jamaa aliyevunjika shingo katika ajali ya bodaboda, au kwa kuanguka mtini, hulazimika kupitia Bondo ndipo afike Kisumu, iliko Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Ndiyo maana usalama wa mgonjwa wa aina hii hutegemea sana uangalizi wa nyumbani.

Vidonda vya kitandani hutokea uzito wa mwili unapoibana nyama kati ya mfupa na kitanda au kiti, hata damu isipite. Mtu mzima wa afya hujigeuza usingizini bila kujua. Aliyepooza hawezi kujigeuza, wala hahisi maumivu ya kumwonya. Sehemu zinazodhurika mno ni makalio, mwisho wa uti wa mgongo, nyonga, visigino na kisogo. Jasho na mkojo huzidisha madhara.

DALILI

Husemwa kwamba dalili ya kwanza ni wekundu. Katika ngozi nyeusi, wekundu huo ni vigumu kuonekana. Yafaa kutazama mahali palipozidi weusi au palipogeuka rangi ya zambarau, kisha kupapasa ili kujua kama pana joto, ugumu au ulaini usio wa kawaida. Ukaguzi huo ufanywe asubuhi na jioni.

KINGA

Mgonjwa aliyelala hugeuzwa takriban kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Desturi hii ilitiliwa mkazo na Dkt Ludwig Guttmann, aliyefungua kituo cha majeruhi wa uti wa mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka wa 1944. Mto uwekwe chini ya miguu ili visigino visiguse godoro. Aliye kwenye kiti cha magurudumu ainamishwe kila baada ya nusu saa au mapema zaidi.

Mahali palipobadilika rangi pasisuguliwe. Kumkalisha mgonjwa juu ya mpira wa duara uliojazwa hewa pia ni kosa, kwa kuwa ukingo wake huzuia damu.

KIDONDA KIKUBWA

Kidonda kilichofika kwenye nyama au mfupa hakiponi kikiendelea kulaliwa, hata kitiwe dawa gani. Kisafishwe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, kisha kifunikwe kwa bendeji safi. Spiriti, majivu na majani yaliyopondwa huharibu nyama inayoanza kuota. Nyama nyeusi iliyokufa huondolewa na mhudumu wa afya, si kwa wembe nyumbani. Huenda daktari akapima kama mfupa umeambukizwa, au akapendekeza upasuaji wa kukifunika kidonda.

Chakula nacho ni sehemu ya tiba. Omena, samaki, mayai na maharagwe huupa mwili protini ya kujenga nyama mpya.

Homa, usaha, harufu mbaya au kuchanganyikiwa ni sababu ya kwenda hospitalini siku hiyo hiyo. Aidha, aliyeumia shingo au sehemu ya juu ya mgongo akipatwa ghafla na maumivu makali ya kichwa na jasho usoni, huenda shinikizo la damu limepanda kwa kuchochewa na kidonda au mkojo ulioziba. Aketishwe wima, nguo zilegezwe, mpira wa mkojo ukaguliwe, na apelekwe hospitalini mara moja.

Jijini Nairobi ipo Hospitali ya Kitaifa ya Majeraha ya Uti wa Mgongo, ambako wagonjwa wa namna hii hutibiwa.

Mwigizaji Christopher Reeve wa Marekani, aliyepooza mwaka wa 1995 baada ya kuanguka kutoka kwa farasi, alifariki Oktoba 2004 akiwa anatibiwa maambukizi ya kidonda cha aina hii. Alikuwa na mali na wauguzi. Kidonda hiki hakimbagui tajiri wala maskini, na dawa yake bora ni kukiwahi kabla ngozi haijapasuka.