Piloti wa helikopta anakaa upande gani, na kwa nini tunapaswa kujua?

Salamabila, teritware ya Kabambare, Maniema ya kusini. Mvua ikinyesha siku nyingi, barabara ya kutoka Kasongo inageuka matope, na moto na gari vinalala njiani. Hapo ndipo helikopta inakuwa na maana. Inaleta dawa, inaleta watu wa mashirika ya kiutu, mara nyingine inabeba mgonjwa. Ikisikika tu, watoto wanakimbia kuelekea inapotua, na wakubwa pia wanawafuata nyuma. Na kila mara swali linarudi: « Ile piloti mwenyewe iko wapi? Iko ku kuume ao ku kushoto? »

Watu wanauliza kwa kupenda kujua tu. Lakini jibu lake linaweza kuokoa maisha ya mtu, kwa sababu pale piloti anapokaa ndipo macho yake yalipo. Asiyeonekana na piloti iko katika hatari.

Tuanze na gari na ndege

Katika Kongo tunatembea upande wa kuume wa barabara, kwa hiyo volani inapaswa kuwa kushoto. Lakini huku mashariki tumezoea kuona pia magari ya volani ya kuume, yaliyopitia Tanzania na Uganda. Shofere anakaa pale volani ilipo, basi.

Kwenye ndege zinazotua Kindu, piloti mkubwa anakaa kushoto, na msaidizi wake kuume. Ni desturi ya dunia nzima. Mtu anaweza kufikiri kwamba helikopta nayo iko vile. Hapana. Katika helikopta nyingi piloti mkubwa anakaa kuume.

Sababu ni mikono

Piloti wa helikopta anafanya kazi kwa mikono miwili na miguu miwili kwa wakati mmoja. Mkono wa kuume unashika fimbo iliyo kati ya magoti yake. Fimbo hiyo ndiyo inaelekeza helikopta mbele, nyuma ao pembeni. Mkono wa kushoto unashika kishikio kilicho pembeni ya kiti. Akikivuta juu helikopta inapanda, akikishusha inashuka. Miguu inakanyaga pedali za elisi ya mkia, ili pua ya helikopta igeuke ao itulie.

Katika helikopta ndogo, ile fimbo ya mkono wa kuume haiachwi hata kidogo. Ukiiacha, helikopta inaanza kulala upande. Mkono wa kushoto ndio unaweza kupumzika kidogo, kugusa redio ao kubonyeza kitu. Sasa, redio na vifungo vingi viko katikati, kati ya viti viwili. Piloti akikaa kuume, mkono wake wa kushoto uko karibu navyo. Angekaa kushoto, ingebidi abadilishe mikono ao apitishe mmoja juu ya mwingine.

Kuna sababu ya zamani pia. Igor Sikorsky, mtu aliyezaliwa Kiev kisha akahamia Marekani, alitengeneza helikopta iliyoitwa R-4, ambayo iliruka mara ya kwanza mwezi wa kwanza 1942. Ilikuwa na viti viwili sambamba, lakini kishikio cha kupandisha kilikuwa kimoja tu, katikati. Aliyekaa kuume alikitumia kwa mkono wa kushoto. Mapiloti wa kwanza walijifunza wakiwa kuume, na desturi ikabaki.

Ndiyo maana katika Robinson R44, katika Bell 206, na katika Puma na Oryx za kijeshi, piloti mkubwa anakaa kuume.

Lakini Mi-8 iko tofauti

Helikopta kubwa nyeupe ambayo wengi wetu huku mashariki wanaijua ni Mi-8, pamoja na ndugu yake Mi-17, za kutoka Urusi. MONUSCO imezitumia sana, na pia UNHAS, ile huduma ya ndege za kiutu inayosimamiwa na PAM. Utaitambua kwa mwili wake mrefu wa duara, magurudumu yasiyokunjwa, na milango miwili mikubwa nyuma inayofunguka kama ya kabati kwa ajili ya mizigo.

Katika Mi-8, piloti mkubwa anakaa kushoto, sawa na kwenye ndege. Msaidizi anakaa kuume, na fundi wa ndege anakaa katikati yao, nyuma kidogo. Mlango wa wasafiri nao uko kushoto, karibu kabisa na chumba cha mapiloti. Kwa hiyo piloti mkubwa akitazama dirishani mwake, anaona nani anapanda na nani anashuka.

Si Mrusi peke yake anayeweka piloti kushoto. Helikopta ya Kifaransa EC130 nayo inaendeshwa kutoka kiti cha kushoto. Na katika helikopta za vita Mi-24, viti viko kwa mstari: mpiga silaha mbele, piloti nyuma yake, juu kidogo.

Kwa nini watu wawili?

Katika helikopta kubwa, fimbo na vishikio viko mbele ya viti vyote viwili. Mmoja akishindwa, mwingine anaendelea. Siku ya 5 mwezi wa pili 2023, helikopta Oryx ya walinda amani wa Afrika Kusini ilipigwa risasi ikiwa njiani kutoka Beni kwenda Goma. Mtu mmoja wa ndani aliuawa na mwingine akajeruhiwa, lakini helikopta ilifika Goma. Kuendesha kutoka viti viwili kunawekwa kwa ajili ya siku kama hizo.

Sasa sisi tusimame wapi?

Hapa ndipo tunaomba wazazi, wamama wa soko na vijana wasikilize vizuri.

Usikaribie kamwe kutoka nyuma. Piloti, awe kuume ao kushoto, haoni mkia wake. Elisi ya mkia ikizunguka kwa nguvu inakuwa kama haipo, macho hayaioni. Katika Mi-17 elisi hiyo iko upande wa kushoto, upande uleule wa mlango wa wasafiri. Mtu anayeshuka akigeuka kuelekea mkiani ili achukue mzigo wake, anaelekea kwenye kifo. Mizigo ya nyuma inaguswa tu mhudumu wa helikopta akisema.

Subiri mbali, upande wa mbele, mahali ambapo unaona uso wa piloti. Kama wewe hauoni uso wake, yeye naye hakuoni. Usisogee mpaka upewe ishara ya mkono.

Kama mahali ni pa mteremko, njoo kutoka upande wa chini. Upande wa kilima elisi ya juu inakuwa karibu na kichwa. Hata injini ikizimwa, ngoja: elisi ikipunguza mwendo inainama chini. Ya Mi-8 ina upana wa mita 21 hivi, inafika mbali kuliko unavyodhani.

Fungeni vizuri vitenge, vilemba na kofia. Ondoeni mabati, maturubai na viti vya plastiki. Upepo wa helikopta unavirusha kama majani.

Na kwa wale wanaobeba mgonjwa kwenye machela: serumu isiinuliwe juu. Ishusheni, ilaleni juu ya mgonjwa mpaka muwe ndani. Ngazi, mti ao chuma kirefu kibebwe kwa kulala, watu wawili, si begani.

Kwa hiyo, mtoto wako akikuuliza piloti anakaa wapi, mwambie hivi: mara nyingi kuume, lakini katika ile Mi-8 nyeupe ni kushoto. Kisha umushike mkono, msimame wote wawili pale ambapo piloti anaweza kuwaona.