Tansiyo 14 ao 140: namba bila kipimo inaweza kudanganya

Hapa mashariki mwa Kongo, mgonjwa anaweza kuambiwa tansiyo yake ni 14 kwa 9. Akivuka mpaka na kutibiwa Uganda, ataandikiwa 140 kwa 90. Damu yake iko ileile, ni kipimo ndicho kimebadilika.

Mwaka 1896, muganga wa Italia Scipione Riva-Rocci alionyesha mashine ya kupima tansiyo kwa mkanda wa kufunga kwenye mkono na zebaki inayopanda ndani ya bomba. Urefu wa ile zebaki ndio ukawa kipimo. Waliosoma kwa Kifaransa mara nyingi wanautaja kwa sentimita: 14. Wengine wanautaja kwa milimita: 140.

Kuna pia kipimo cha tatu, kilopaskali, cha mfumo wa kimataifa. Mwaka 1977, OMS iliomba watu wa afya watumie mfumo huo, lakini milimita za zebaki ziliachwa ziendelee kwa tansiyo. Mpaka leo ndizo zinatumika zaidi. Kilopaskali moja ni sawa na milimita 7,5 za zebaki.

Shida iko wapi? Tuchukue namba 16 kwa 10. Kama ni sentimita za zebaki, maana yake ni 160 kwa 100: tansiyo iko juu, kwani OMS inahesabu hivyo kuanzia 140 ao 90, ikipimwa siku mbili tofauti. Kama ni kilopaskali, ni 120 kwa 75: mtu ni mzima.

Kwa chupa za oksijeni ni vilevile. Saa ya chupa moja inasoma kwa bari, ya nyingine kwa psi, na bari moja ni psi 14,5. Mshale ukisimama kwenye 100 kwa bari, hewa ingali nyingi. Ukisimama kwenye 100 kwa psi, ni karibu bari 7 tu: chupa iko karibu kuisha, na mgonjwa bado anapumulia humo.

Ndiyo maana kila namba kwenye fishi inapaswa kuandikwa pamoja na kipimo chake, na hospitali moja ichague kipimo kimoja kwa kazi moja. Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza: «Hiyo 16 ni ya nini?» Anapohamishiwa hospitali ingine, aende na fishi yake, asitegemee kichwa tu.